Nani Aligundua Kimondo?

Usiku mmoja wa mwezi wa nane umeme ulikatika mtaani kwetu Chang'ombe, hapa Dodoma, na sisi vijana tulikuwa kijiweni kama kawaida yetu. Mnaijua Dodoma wakati wa kiangazi. Hakuna wingu, hakuna ukungu, na taa zikizimika anga inashuka mpaka unahisi ukipanda juu ya bati utaigusa. Basi ghafla ukapita mwanga wa kijani juu ya vichwa vyetu. Ulikata anga kimya kimya, ukapasuka vipande viwili, ukazimika upande wa reli. Haikuchukua hata sekunde nne.

Mabishano yakaanza hapo hapo. Mmoja akasema ni setilaiti ya watu imeanguka. Mwingine akasema ni nyota imechomoka. Mama anayekaanga chipsi akasema hicho ni kimondo, na kwamba alivyofundishwa madrasa kwao Kondoa, vimondo ni silaha wanazotupiwa mashetani wanaodokoa habari za mbinguni. Babu anayelinda duka la vifaa vya ujenzi akatikisa kichwa. Kwao, alisema, nyota ikikimbia namna ile wazee waliuliza ni mkubwa gani amefariki. Kisha wote wakanigeukia mimi. "Wewe si ndiye mwandishi? Si unashinda na vitabu? Haya, tuambie."

Nikababaika. Nilimaliza kidato cha nne, jiografia nilifaulu, na mkoba wangu una sura 11 za riwaya ambayo haijapata mchapishaji. Lakini kitu kilichopita juu ya kichwa changu mwenyewe sikuweza kukieleza. Nikasema "ni kimondo tu," nikanyamaza, na aibu ikanishika mpaka nyumbani.

Kuanzia hapo nikaanza kutafuta na kusoma. Nilitegemea kukuta habari za Wazungu na darubini zao. Nikakuta habari za kwetu: Mbozi, Ivuna, na ofisi moja ya hapa hapa Dodoma ambayo nimepita mbele yake mara nyingi nikiwa na mawazo mengine kabisa. Nikakuta pia swali ambalo linatuhusu sisi tunaotaka kuwa waandishi kuliko linavyowahusu wataalamu wa nyota. Swali lenyewe ni hili: nani hasa hugundua kitu, anayekiona au anayekiandika?

Tujue kwanza tunazungumzia nini

Ndugu msomaji, tuanze na majina, maana ugomvi mwingi wa kijiweni huanzia kwenye majina.

Jua na sayari zake, dunia yetu ikiwemo, vilitokana na wingu moja la gesi na vumbi, miaka kama bilioni 4.6 iliyopita. Ujenzi ule ulipokwisha yalibaki mabaki, kama fundi anavyoacha kokoto, vipande vya tofali na mchanga baada ya kumaliza nyumba. Mabaki hayo ndiyo habari yetu.

Kuna asteroidi. Hizi ni mabaki ya mawe na chuma, na nyingi zinalizunguka jua katika nafasi iliyopo kati ya Mirihi na Mshtarii. Ya kwanza kuonekana ni Ceres. Padri mmoja, Giuseppe Piazzi, aliiona akiwa Palermo, Italia, tarehe 1 Januari 1801. Ceres ndiyo kubwa kuliko zote kati ya hizo, ina upana wa kilometa kama 940, yaani zaidi ya mara mbili ya safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Leo zinajulikana asteroidi zaidi ya milioni moja, na nyingi ni vijiwe tu ukizilinganisha na hiyo.

Kuna nyota mkia, au nyota yenye mkia. Jina linadanganya, kwani si nyota hata kidogo. Ni donge la barafu lililochanganyika na vumbi, linalokuja kutoka mbali sana, kule ambako joto la jua halifiki vizuri. Likikaribia jua, barafu inageuka mvuke, mvuke unabeba vumbi, na hapo ndipo mkia unapoonekana. Wengi wetu tunadhani mkia unafuata nyuma kama mkia wa mbwa. Siyo. Mfikirie babu aliyeliona treni la makaa la zamani. Moshi wa treni haufuati behewa, unafuata upepo. Upepo ukivuma kutoka nyuma, moshi unatangulia mbele ya kichwa cha treni. Nyota mkia nayo iko hivyo hivyo, ila upepo wake unatoka kwenye jua. Kwa hiyo inapolikimbilia jua mkia uko nyuma, na inapoondoka kwenye jua mkia ndio unaotangulia.

Halafu kuna kimondo. Kipande kidogo cha mabaki hayo kinapoingia katika hewa ya dunia, kinaingia kwa kasi ya kilometa 11 hadi 72 kwa kila sekunde moja. Hewa iliyo mbele yake inabanwa ghafla, inapata joto kali, na kipande kinawaka. Vingi havizidi ukubwa wa punje ya mchanga, na huisha vikiwa bado juu, kilometa kama 80 au 100 kutoka ardhini. Kwa hiyo hakuna nyota iliyochomoka pale Chang'ombe. Nyota zote zilikuwepo asubuhi yake na zipo mpaka leo. Kiswahili chetu kinatumia neno kimondo kwa mwanga unaopita na pia kwa jiwe lenyewe likifika chini. Ili tusichanganyane, likifika chini nitaliita jiwe la kimondo.

Ndugu hawa watatu wana uhusiano. Mawe mengi ya vimondo ni vipande vilivyomeguka kutoka kwenye asteroidi zilipogongana. Na vimondo vingi vinavyokuja kwa makundi, siku zilezile kila mwaka, ni vumbi lililoachwa na nyota mkia. Fikiria lori la mchanga lisilofunikwa turubai: limeshapita, lakini mchanga uko njiani. Nyota mkia ya Halley hurudi kila baada ya miaka kama 76. Mara ya mwisho ilikuja mwaka 1986, na itakuja tena mwaka 2061. Lakini mchanga wake tunaupata mara mbili kila mwaka, mwanzoni mwa Mei na katika Oktoba, dunia inapokatisha njia yake. Kijana wa Dodoma anayetaka kujifunza mambo ya anga asisubiri darubini. Ajitahidi kuamka siku za tarehe 5 na 6 Mei, kuanzia saa 9 usiku hadi saa 11 alfajiri, atafute mahali pasipo na taa, atazame juu upande wa mashariki. Mvua zinakuwa zimekwisha. Akiwa na subira ataona vumbi la Halley likiungua, na ataliona vizuri kuliko mtu wa Ulaya, kwa sababu kundi la mwezi Mei hupanda juu zaidi kwetu sisi.

Mwaka wa reli na nyota mbili

Sasa tuingie kwenye historia.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Mwaka 1907 ilikuwa imefika Morogoro, na mwaka 1910 ikafika Dodoma. Mji huu tunaoringia leo kuwa makao makuu ulikua kandokando ya kituo cha treni. Na mwaka huo huo wa 1910, anga ilileta wageni wawili.

Wa kwanza alikuja Januari. Tarehe 12, kabla jua halijachomoza, wachimba almasi wa Transvaal, Afrika Kusini, waliona nyota yenye mkia upande wa mashariki. Tarehe 17 wataalamu wa kituo cha nyota cha Johannesburg nao wakaiona. Ilikuwa kali kiasi cha kuonekana mchana, karibu na jua. Desturi ya wataalamu ni kuipa nyota mkia jina la mtu aliyeigundua. Hii haikupewa jina la mtu. Vitabuni inaitwa Nyota Mkia Kuu ya Januari. Na wale walioiona kwanza wanaitwa "wachimbaji". Basi.

Mgeni wa pili alikuwa Halley mwenyewe, aliyeonekana Aprili na Mei. Huko Ulaya na Marekani kulikuwa na hofu. Ilishatangazwa kwamba tarehe 19 Mei dunia ingepita katika mkia wake, na kwamba ndani ya mkia kuna gesi ya sumu. Wajanja wakauza vidonge vya kujikinga, na watu wakanunua. Siku ikapita, hakuna aliyedhurika, maana mkia ule ni mwembamba mno. Ukiulinganisha na hewa tunayovuta, ni kama hakuna kitu. Nilipofika hapo katika kusoma nilicheka, kisha nikajirudi. Tunapenda kusema wazee wetu ndio walioogopa nyota. Kumbe watu wa miji yenye magazeti na vyuo vikuu nao walikimbilia vidonge.

Mimi ni mtunga hadithi, siwezi kujizuia kuuwaza usiku huo hapa kwetu. Uwanda wa Ugogo hauna taa hata moja. Kuna mahema ya wajenzi wa reli, kuna wachungaji kwenye mazizi, kuna mama anayewasha moto kabla ya alfajiri. Wote hao wana mbingu moja, na ndani yake kuna mkia mrefu mweupe. Nani alisema nini? Hapo ndipo riwaya inapoanzia, na hapo ndipo historia inapohitaji daftari.

Lakini tusidanganyane, kuandika siyo ujanja wa kumnyang'anya mtu haki yake. Ni kazi. Edmond Halley hakuwa wa kwanza kuiona nyota ile. Wachina walishaiandika mwaka 240 kabla ya Kristo. Alichofanya Halley, katika kitabu chake cha mwaka 1705, ni kukusanya maandishi ya watu wengine na kuonyesha kwamba nyota ya mwaka 1531, ya mwaka 1607 na ile aliyoiona yeye mwaka 1682 ni moja. Akatabiri kwamba ingerudi mwaka 1758. Akafa mwaka 1742, hakuisubiri. Usiku wa Krismasi wa mwaka 1758 ikaonekana, na aliyeiona ni mkulima wa Ujerumani aitwaye Johann Palitzsch. Mkulima yule alijulikana kwa sababu aliandika alichokiona na kupeleka habari. Na Halley aliweza kutabiri kwa sababu watu wasiomjua walikuwa wameshaandika tarehe kabla yake. Pasingekuwa na daftari zao, yeye asingekuwa na la kuhesabu.

Msumeno wa saa 10

Mwaka 1925 serikali ya Waingereza ilianzisha idara ya jiolojia ya Tanganyika, na makao yake yakawekwa Dodoma. Idara hiyo ndiyo iliyozaa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, iliyopo Kikuyu Avenue. Hiyo ndiyo ofisi niliyosema nimepita mbele yake mara nyingi.

Mwaka 1930 mpimaji mmoja kutoka Johannesburg, W. H. Nott, alikuta katika nchi ya Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanganyika, donge kubwa la chuma lililozikwa nusu ardhini. Habari ikafika Dodoma. Desemba ya mwaka huo D. R. Grantham wa idara ya jiolojia alikwenda kulikagua. Alitaka kipande cha kupima. Inasimuliwa kwamba alitumia saa 10 na msumeno wa chuma kukata kipande cha sentimeta 10 tu. Hebu fikiria, saa 10 za kukereza! Mwaka 1931 Grantham na mwenzake F. Oates wakachapisha maelezo yake katika jarida la madini la Uingereza, na dunia ikakijua Kimondo cha Mbozi.

Kina urefu wa mita 3 na zaidi, na uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16. Karibu sehemu 90 kwa mia ni chuma, na nyingi ya iliyobaki ni nikeli. Nikeli hiyo ndiyo ushahidi, maana chuma cha ardhini hakichanganyiki nayo namna ile. Asili yake inaelezwa hivi: hapo mwanzo baadhi ya asteroidi kubwa zilipata joto mpaka zikayeyuka, chuma kikazama katikati kama mchanga unavyozama ndani ya ndoo ya maji, mawe yakabaki juu. Baadaye zikagongana na kuvunjika, na vipande vya katikati vikatawanyika. Kwa hiyo ukiweka kiganja chako juu ya Kimondo cha Mbozi unagusa moyo wa dunia ndogo iliyovunjika kabla ya kukua. Sisi hatuwezi kuugusa moyo wa dunia yetu wenyewe, uko mbali mno chini ya miguu yetu. Huu wa Mbozi umetujia.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Vitabu vinasema Nott alikigundua mwaka 1930. Lakini wenyeji walikuwa wanakijua kabla hajafika. Mbozi ni nchi ya Wanyiha, na Wanyiha walikuwa wafua vyuma, watu waliojenga tanuru na kuyeyusha mawe yenye chuma. Hakuna simulizi la siku kilipoanguka, na hakuna shimo linaloonekana, ndiyo maana inaaminika kwamba kilianguka zamani sana, maelfu ya miaka iliyopita. Lakini watu walilima na kuchunga karibu nacho. Wao walikuwa wanakijua, ila hawakukipeleka jaridani. Kwa hiyo mimi naona ingekuwa haki kusema hivi: Wanyiha walikuwa nacho, Nott alikitangaza, Grantham na Oates wakakieleza. Sentensi moja tu, nayo haimpunguzii mtu yeyote kitu.

Mwaka 1967 kimondo kikawekwa chini ya ulinzi kama kumbukumbu ya taifa. Kipo mpaka leo katika kijiji cha Ndolezi, mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na kinasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Nauli yake si kidogo kwa mtu wa kijiweni, lakini kuna vijana wengi wa Mbeya na Tunduma wanaoweza kufika kwa pesa ya soda kadhaa.

Gramu 705

Mbozi ni kubwa, inajulikana, ina picha kwenye kalenda. Ivuna haina.

Ivuna iko upande wa Ziwa Rukwa, leo ni wilaya ya Momba, mkoa huo huo wa Songwe. Ni mahali pa chemchemi za chumvi. Mwaka 1966 mwanaakiolojia Brian Fagan alichimba pale akakuta masalia ya watu waliokuwa wakipika chumvi karne nyingi zilizopita. Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe likaanguka hapo kutoka mbinguni. Vilivyookotwa na kuhifadhiwa vilikuwa na uzito wa gramu 705. Hata kilo moja ya sukari haifiki.

Ukiliona huwezi kulisifu. Ni jeusi, ni laini, linamomonyoka kama mkaa uliolowana. Lau lingekaa nje msimu mmoja wa masika lingegeuka tope likaisha. Sasa sikiliza thamani yake. Wataalamu walipolipima walikuta kwamba ukiondoa hidrojeni, heliamu na gesi nyingine nyepesi, uwiano wa vitu vilivyomo ndani yake unalingana na wa jua lenyewe. Maana yake ni kwamba jiwe lile halikuwahi kuyeyuka tangu mwanzo. Ni unga wa kwanza ambao jua na sayari zote zilikandwa kutokana nao. Tena limebeba maji yaliyofungwa ndani ya madini yake, na ndani yake zimepatikana asidi za amino, zile ambazo viumbe hai hujengea protini.

Mawe ya namna hii ni adimu. Yaliyoonekana yakianguka na kuokotwa ni 5 tu katika historia yote: mawili Ufaransa, moja India, moja Kanada, na hili la kwetu. Lile la Orgueil, Ufaransa, lililoanguka mwaka 1864, lilikuwa kubwa mara nyingi zaidi. Lakini ukoo mzima wa mawe haya unaandikwa kwa herufi mbili, CI. C ni ya kaboni. I ni ya Ivuna.

Nilisoma hapo mara tatu. Kila mwanafunzi wa sayansi hiyo, awe Tokyo au Houston, anaandika jina la kijiji cha wapika chumvi wa Rukwa. Mwaka 2020 chombo cha Wajapani, Hayabusa2, kilileta duniani gramu 5.4 za udongo kutoka asteroidi iitwayo Ryugu. Ilikuwa safari ya miaka 6 kwenda na kurudi. Mwaka 2022 wataalamu walipotangaza matokeo ya vipimo walisema udongo ule unafanana na mawe ya ukoo wa Ivuna. Wajapani walikwenda mbali kiasi hicho wakaleta kitu ambacho ndugu yake alishaanguka Momba mwaka 1938. Vipande vya jiwe letu viko katika makumbusho ya nje, la London likiwa mojawapo. Na mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne, nilikuwa sijawahi kulisikia jina hilo.

Kituo cha sita

Nisije nikaonekana nalia tu, kwa hiyo nitoe mifano miwili inayotia moyo.

Tarehe 14 Agosti 1992, saa 9:40 alasiri, jiwe kubwa la kimondo lilipasuka juu ya mji wa Mbale, Uganda. Watu walisikia mingurumo, kisha mawe yakaanza kunyesha. Zilipatikana kilo kama 150, na jiwe kubwa kuliko yote lilikuwa na kilo 27.4. Kipande cha gramu chache kilipiga majani ya mgomba, kikadunda kichwani kwa kijana mmoja, naye hakuumia. Wataalamu waliokuja baadaye hawakukaa hotelini. Walizunguka wakiwauliza watu: wewe ulisikia nini, lako liliangukia wapi? Kwa majibu hayo wakachora ramani ya njia nzima ya kimondo kile. Ramani ya Mbale ilitoka midomoni mwa watu wa Mbale.

Wa pili ni Sudani. Tarehe 6 Oktoba 2008 mtaalamu mmoja huko Arizona, Marekani, aliona asteroidi ndogo, yenye upana wa mita kama 4, ikija duniani. Ilikuwa mara ya kwanza kuionea asteroidi angani kabla haijafika. Kesho yake alfajiri ikapasuka juu ya jangwa la Nubia. Mwezi Desemba Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum, pamoja na Peter Jenniskens kutoka Marekani, wakawachukua wanafunzi wa Khartoum kwenda jangwani. Wakajipanga mstari mmoja mrefu, wakatembea wakitazama chini, mpaka wakaanza kuokota. Baada ya safari kadhaa walikuwa na mamia ya vipande. Mawe hayo yanaitwa Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita, kwa sababu ya kituo cha treni kilichopo jangwani karibu na hapo. Wanafunzi wale ni wa umri wetu. Na jina la kituo cha treni cha Afrika limeingia vitabuni, likiwekwa na watu waliokwenda kwa miguu yao.

Dodoma nayo ni kituo cha treni.

Daftari

Basi, kijana mwenzangu, ukiona kimondo kikubwa, usianze na mabishano kama sisi. Anza na saa. Andika tarehe, saa na dakika, ulisimama wapi, kilitokea upande gani na kilizimikia wapi. Tumia mlima, mnara au kituo cha mafuta kama alama. Andika rangi, na kama ulisikia mlio, ulikuja baada ya muda gani. Mwanga ukiwa mkali kama jua usikimbilie dirishani. Mwaka 2013, tarehe 15 Februari, asteroidi ya mita kama 20 ilipasuka juu ya Chelyabinsk, Urusi. Mwanga ulitangulia, watu wakasogea madirishani kutazama, kisha kishindo kikafika na kuvunja vioo. Watu kama 1,500 waliumia, wengi kwa vioo.

Ukiokota jiwe unalolishuku, lipige picha kwanza mahali lilipo. Usilioshe, usilipasue kwa nyundo kutafuta dhahabu ndani. Jiwe la kimondo lililoanguka karibuni huwa na ngozi nyembamba nyeusi kwa nje, aghalabu ni zito kuliko jiwe la kawaida la ukubwa wake, na mengi huvutwa na sumaku. Likiwa na matundu mengi kama mkate, huenda ni mavi ya chuma ya tanuru. Lifunge kwenye kitu kikavu ulipeleke kwa watu wa jiolojia. Na andika jina la aliyeliokota. Hilo usilisahau, hata kama ni mtoto mchunga mbuzi. Hasa kama ni mtoto mchunga mbuzi.

Usiku ule wa Chang'ombe sikuandika kitu. Nilirudi kijiweni wiki tatu baadaye na daftari la kurasa 80, nikawaomba wenzangu tukumbuke pamoja. Yule wa setilaiti alisema ilikuwa saa 2:10, mama wa chipsi akasema haiwezi kuwa, maana alikuwa hajaweka mafuta ya pili. Tukasogeza mpaka saa 2 kasoro. Rangi tulikubaliana, kijani. Vipande viwili, tulikubaliana. Babu mlinzi alisema yeye alisikia mngurumo mdogo baadaye, kama gari la mizigo linalopita mbali, na sisi wengine hatukusikia kwa sababu tulikuwa tunabishana.

Nikaandika yote, pamoja na ya mama na ya babu kama walivyoyasema, na majina ya watu 6 waliokuwepo. Babu aliniuliza daftari hilo litakuwa la nani. Nikamwambia sijui bado, lakini jina lake nimeliweka la kwanza, kwa kuwa ndiye pekee aliyenyamaza akasikiliza.